Kumiliki pikipiki ya umeme Dar es Salaam: hesabu ya LUKU, betri na safari ya kila siku

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi natoka Mbezi Mwisho kwenda Kariakoo, kilomita 20 kwa mita ya pikipiki, na jioni narudi. Huu ni mwaka wa pili sijasimama sheli. Kwenye taa za Magomeni, bodaboda wanaposogea pembeni yangu wakaona hakuna moshi wala mlio, swali huwa lilelile: "Kaka, kuichaji mpaka ijae inakula shilingi ngapi?"

Nikiwatajia wanafurahi, lakini jibu hilo ni nusu tu ya habari. Umeme ndio sehemu ndogo ya gharama. Mafuta ya pikipiki hii unayanunua siku unapolipia pikipiki yenyewe. Yamo ndani ya betri, na kila kilomita unayapunguza kidogo. Ambaye hakulihesabu hilo mapema hufurahia miaka mitatu minne, kisha siku betri inachoka anatajiwa bei ya mpya na kukuta hana akiba. Ndiyo maana mwongozo huu umejaa hesabu. Kalamu na daftari viwe karibu.

Hatua ya 1: Pima safari yako kabla hujaenda dukani

Kwa wiki moja andika kilomita zako za kila siku, zote, pamoja na ule mzunguko wa kumpeleka mtoto shule na kupitia sokoni. Andika pia kama unapakia mtu na kama njia yako ina vilima.

Kisha jifunze kusoma betri. Utakuta imeandikwa volti na ampea-saa, kwa mfano 72V 40Ah. Zidisha: 72 mara 40 ni wati-saa 2,880. Pikipiki ya ukubwa wa kawaida, mwendo wa mjini, mtu mmoja juu yake, hutumia wati-saa 35 hadi 45 kwa kilomita. Yangu inacheza kwenye 38. Gawanya 2,880 kwa 38, unapata kama kilomita 75. Betri haifai kumalizwa mpaka mwisho kila siku, kwa hiyo hesabia asilimia 80 tu: kilomita 60. Huo ndio umbali wa kuupangia maisha. Namba kubwa iliyobandikwa dukani mara nyingi imepimwa kwa mwendo wa taratibu, barabara tambarare na dereva mwepesi.

Vilima usivipuuze. Wanaosema Dar ni tambarare hawajatoka Ubungo kupanda Kimara wakiwa na mzigo nyuma. Asubuhi nashuka kwenda mjini na betri inashuka asilimia 23. Jioni, umbali uleule, inakwenda 30. Mwendo nao unakula: ukitoka kilomita 45 kwa saa ukafika 70, upepo peke yake unakunyang'anya sehemu kubwa ya chaji. Foleni, kwa upande wake, ni rafiki wa pikipiki hii. Ukisimama dakika kumi Manzese mota haili kitu, ilhali mwenye petroli anaendelea kuunguza.

Safari yako ya siku ikizidi kilomita 45 au 50 na kazini hakuna pa kuchaji, tafuta betri kubwa zaidi, au yenye nafasi ya betri mbili. Usijidanganye kwamba utakuwa unaendesha polepole.

Hatua ya 2: Uliza betri kwanza, pikipiki baadaye

Watu wengi wakifika dukani wanakagua taa, siti na rangi. Mimi nakushauri uinamie betri. Ziko za aina mbili kubwa. Za risasi na asidi, jamii moja na betri za magari, ni nzito na bei yake ya kuanzia ni ndogo, ila huchoka baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500. Za lithiamu ni ghali mwanzoni, na ile ya lithiamu yenye chuma na fosfeti huvumilia kuchajiwa zaidi ya mara 1,500 ikitunzwa, tena inastahimili joto kuliko lithiamu nyingine. Kwa mtu wa kwenda kazini kila siku, siioni faida ya kununua ya risasi. Utaibadilisha kabla hujamaliza mwaka wa pili.

Muulize muuzaji maneno haya, na majibu yaandikwe kwenye risiti au mkataba. Betri ni ya aina gani, dhamana yake ni ya miezi mingapi, na dhamana inahesabu nini: kufa kabisa, au hata kushuka chini ya asilimia fulani? Betri mpya ya aina hiihii leo mnauza shilingi ngapi, na iko hapa Dar au inaagizwa? Saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, ambayo mafundi wanaiita BMS, ikiharibika nani anaitengeneza? Muuzaji akishindwa kutaja bei ya betri mpya, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

Angalia pia kama betri inachomoka. Unayeishi ghorofa ya tatu Kariakoo au Upanga huna namna ya kupandisha pikipiki. Utabeba betri, na ya lithiamu ya ukubwa niliotaja ina kilo ishirini na ushee. Ibebe palepale dukani, panda nayo ngazi ujionee.

Kuna njia nyingine ya kutomiliki betri kabisa: unanunua pikipiki, betri unabadilishiwa kituoni kwa malipo. Kwa bodaboda anayekimbiza kilomita 120 kwa siku, hiyo ina maana sana, kwa sababu hana saa mbili za kusubiri chaji. Kwa mwenye safari moja asubuhi na moja jioni, gawanya malipo ya kubadilishiwa kwa kilomita unazopata, kisha linganisha na hesabu ya hatua ya 6.

Hatua ya 3: LUKU, umeme wa kulipia kabla

Hapa ndipo panapoleta ugomvi nyumbani.

Bei ya umeme wa TANESCO wa majumbani ina madaraja mawili yanayokuhusu. La kwanza ni D1, la watumiaji wadogo: uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni sh 100 kila moja, na zinazozidi hapo ni sh 350. La pili ni T1, la matumizi ya kawaida: sh 292 kwa uniti. Juu ya bei hizo kuna VAT asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Ukijumlisha, uniti ya D1 inakuwa sh 122, ile iliyozidi 75 inakuwa sh 427, na ya T1 inakuwa kama sh 356. Makato ya kodi ya jengo usiyaingize humu, maana yangekuwepo hata bila pikipiki.

Sasa tazama. Mimi kwa siku natumia wati-saa kama 1,520 kutoka kwenye betri. Chaja hupoteza nyingine kwa joto, kwa hiyo ukutani zinatoka uniti 1.8 hivi (uniti moja ni wati-saa 1,000). Kwa siku 26 za kazi ni uniti 47. Kwa T1 ni chini kidogo ya sh 17,000 kwa mwezi.

Kwa aliye D1 hesabu inageuka. Tuseme nyumba yako hutumia uniti 50 kwa mwezi. Ukiongeza 47 unafika 97, umevuka mstari. Mwezi wa kwanza utalipa uniti 25 kwa sh 122 na 22 kwa sh 427, jumla kama sh 12,400, na utaona nafuu. Lakini mkiendelea kuzidi mnaweza kuhamishiwa T1, na hapo hata zile uniti 50 za taa na friji, mlizokuwa mnalipia sh 122, zinakuwa sh 356. Ongezeko hilo peke yake ni sh 11,700. Kwa nyumba hiyo gharama ya kweli ya kuchaji ni zaidi ya sh 28,000 kwa mwezi, siyo 17,000. Bado ni ndogo kuliko petroli, lakini uijue mapema.

Na kama unaishi nyumba ya kupanga yenye LUKU moja, zungumza na wenzako kabla pikipiki haijafika. Mimi nilichelewa. Tuko wapangaji wanne, tunachangia sawa. Mwezi wa kwanza uniti ziliisha tarehe 19, na mama mwenye nyumba akaniita barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo pikipiki yako inatumalizia umeme. Wenzako wamekuja kwangu wote watatu."

Sikubishana naye. Nikaomba jioni ile tupime pamoja. Saa mbili usiku tukazima kila kitu, friji mpaka feni. Kijana wa chumba cha mbele akashika tochi, mama mwenyewe akasoma mita: 31.6. Nikachomeka chaja. Tukakaa barazani, watoto wakilalamikia katuni zao, mpaka taa ya chaja ilipogeuka kijani, kama saa mbili baadaye. Mita ikasoma 29.8. Uniti 1.8 mbele ya macho ya kila mtu. Nikapiga hesabu ya mwezi kwenye simu, nikazungusha hadi sh 17,000, na tangu siku hiyo natoa kiasi hicho peke yangu tarehe mosi, kabla ya mchango wa kawaida. Mama alisema, "Ungefanya hivi mwanzo, nisingepandisha presha."

Fanya jaribio hilo wiki ya kwanza. Ukipenda, nunua kimita kidogo cha kuchomeka kati ya plagi na soketi, kinachohesabu uniti za chaja peke yake. Kinamaliza maneno kabisa.

Hatua ya 4: Mahali pa kuchajia

Mwezi wa tatu nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilikuwa nimechomeka chaja kwenye waya wa kurefusha wa bei ya chini, umepita chini ya zulia mpaka mlangoni. Nilipouchomoa, tundu moja lilikuwa limelegea na kugeuka kahawia, na plagi haikushikika kwa moto. Chaja yangu huvuta kama wati 970, ampea nne na kitu. Si mzigo mkubwa, pasi ya umeme inazidi. Tofauti ni kwamba pasi unaitumia dakika ishirini, na chaja inavuta saa mbili bila kupumzika, kila siku. Soketi iliyolegea haivumilii.

Kwa hiyo mwite fundi umeme akuwekee soketi moja ya chaja, yenye waya wa milimita za mraba 2.5, ikiwa na waya wa ardhi unaofanya kazi kweli. Majumba mengi ya kupanga waya huo upo kwenye soketi lakini haujaunganishwa popote. Mwambie aupime mbele yako. Soketi iwe barazani au mahali penye paa na hewa, mbali na mlango. Usichaji kwenye korido au kwenye mlango pekee wa kutokea. Betri ya lithiamu ikishika moto haikupi nafasi ya kupita juu yake, na wewe na wanao mko ndani. Nalisisitiza hili kuliko jambo lingine lolote katika maandishi haya.

Mengine ni mazoea. Ukifika nyumbani, iache betri ipoe nusu saa ndipo uchaji, hasa Januari na Februari, kwa sababu seli za lithiamu zikizidi nyuzi 45 hazitakiwi kuchajiwa. Siku za kawaida nachaji mpaka 80 au 90; 100 naifikisha mara moja kwa wiki ili seli zisawazishwe. Umeme ukikatika, chomoa chaja, urudi kuichomeka dakika chache baada ya umeme kurudi, maana unaporudi mara nyingi huja na mruko. Kifaa kilekile cha kulinda friji kinafaa kulinda chaja. Na kila jioni hakikisha una chaji ya kutosha kwenda na kurudi kesho, hata usiku mzima ukikosa umeme.

Hatua ya 5: Karatasi

Fupi. Pikipiki ya umeme ni chombo cha moto kama nyingine. Iwe na kadi kutoka TRA, namba ya MC, na bima, walau ile ndogo. Linganisha namba ya chesisi na ya mota na zilizo kwenye kadi, ukiwa umeinama na tochi, kabla ya kulipa. Nawe uwe na leseni yenye daraja la pikipiki. Ukitaka kubeba abiria kwa malipo, kuna leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, juu yake. Ada ya mwaka ya leseni ya chombo ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo kwa sasa mwenye pikipiki ya umeme haigusi.

Hatua ya 6: Hesabu nzima ya mwezi

Safari yangu ni kilomita 40 kwa siku, siku 26, yaani kilomita 1,040 kwa mwezi.

Pikipiki ya petroli ya 125 au 150 kwenye foleni zetu inakwenda kama kilomita 40 kwa lita, basi ni lita moja kwa siku. Bei ya petroli Dar hupanda na kushuka. EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Nahesabia sh 3,000 kwa lita, wewe weka ya mwezi wako. Lita 26 ni sh 78,000. Oili ya injini kila kilomita 2,000 ni kama sh 5,000 kwa mwezi. Jumla sh 83,000, bado plagi na kisafisha hewa.

Ya umeme: LUKU sh 17,000. Kisha betri. Mimi nilitajiwa sh 1,500,000 kwa betri mpya. Muuzaji alisema itachajiwa mara 2,000. Nilihesabia 1,000 tu, kwa sababu ya joto letu na kwa sababu betri huzeeka hata ikikaa. Mara 1,000 kwa kilomita 60 ni kilomita 60,000, karibu miaka mitano ya safari zangu. Gawanya 1,500,000 kwa 60,000: sh 25 kwa kilomita. Kwa kilomita 40 ni sh 1,000 kamili.

Kwa hiyo kila nikirudi nyumbani, kabla ya kuvua helmeti, naingiza buku moja kwenye kibubu kilichopo juu ya kabati. Ndiyo petroli yangu ya siku. Kikijaa napeleka benki. Kwa mwezi ni sh 26,000, na ukijumlisha na LUKU ni sh 43,000, dhidi ya 83,000.

Tairi, brekipedi, beringi na shokomzoba sikuziweka, kwa sababu pande zote mbili zinalipiwa vilevile. Tofauti ni sh 40,000 kwa mwezi. Kama ya umeme imekuzidi bei ya kununulia kwa sh 1,000,000, unairudisha kwa miezi 25. Anayetoka Sinza kwenda Mwenge, kilomita nane kwenda na kurudi, tofauti yake haifiki hata sh 10,000, na itamchukua miaka mingi kurudisha fedha hiyo. Kwake yeye pikipiki ya umeme ni ya utulivu na hewa safi, na hizo ni sababu nzuri, lakini asinunue kwa kutegemea kuokoa.

Hatua ya 7: Barabarani

Hausikiki. Jambo hili linahitaji uzoefu mpya kabisa. Pale Kariakoo, Mtaa wa Kongo, watu huvuka kwa masikio: mama mwenye ndoo kichwani, kijana wa guta, mtoto aliyeshikwa mkono. Hawageuki kwa sababu hawajasikia kitu. Nimekuwa mtu wa kwenda mwendo wa miguu penye umati, kidole kwenye honi, taa ikiwaka mchana. Barabara ya mwendokasi usiingie hata kama iko tupu. Mabasi yale yanakuja kwa kasi na dereva naye hakusikii.

Masika ni habari nyingine. Muulize muuzaji kiwango cha kuzuia maji cha mota na betri. IP67 maana yake vumbi haliingii na kinavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Hata hivyo pikipiki nzima ina viunganishi vingi vya waya ambavyo havina kiwango hicho. Kanuni yangu: maji yakifika kwenye ekseli ya gurudumu, sipiti. Jangwani ikijaa, nageuza. Ukiosha, tumia ndoo na kitambaa. Usiwaruhusu vijana wa kuosha magari wapige mashine ya presha kwenye betri na kontrola, kile kisanduku kinachoongoza mota. Wakazi wa Kigamboni na Msasani, hewa ya chumvi inakula viunganishi, kwa hiyo vifunguliwe, vifutwe na kupakwa grisi maalumu ya umeme kila baada ya miezi mitatu.

Hatua ya 8: Kipimo cha mwisho wa mwezi

Jumapili ya mwisho ya mwezi chaji mpaka 100. Panga njia moja usiyoibadilisha. Mimi natoka Mbezi mpaka Kibamba na kurudi, mwendo wa 45, mtu mmoja, nikirudia mpaka chaji ifike 20. Andika kilomita. Mwezi wa kwanza nilipata 61, mwezi uliopita 57. Ukiona imeshuka ghafla, kwa mfano kilomita nane kwa mwezi mmoja, usisubiri. Huenda seli moja imeharibika, na kama dhamana bado iko hai, hilo daftari lenye tarehe na kilomita ndilo la kumpelekea muuzaji pamoja na risiti.

Ikishuka taratibu mpaka kilomita 42 au 43, yaani asilimia 70 ya mwanzo, haitanitosha tena kwa siku yenye mvua na abiria. Hapo nitavunja kibubu. Ile ya zamani sitaitupa. Fundi wa sola wa jirani ameshaniambia ataifungua, achambue seli zilizo nzima, na kunitengenezea ya kuwashia taa na feni usiku umeme ukikatika.